Maji Ambayo Babu Yako Hakuyatoa

St Marys, Sydney, Jumatatu jioni

Mwanangu Zaituni,

Mwalimu wako wa Kijapani amepiga simu leo saa tisa alasiri, wewe ukiwa kliniki unachukua cheti cha kipimo cha korona. Amesema yule mama wa Japani, aliyeandika riwaya uliyonisomea, amejibu. Atakupokea nyumbani kwake Jumapili hii saa nane mchana, na amemwalika dada yake aje pia. Sababu aliyoitaja ni moja: ile barua uliyomwandikia kuhusu babu yako. Mwalimu alinisomea sentensi moja ya jibu hilo, akiifasiri kwa Kiingereza polepole ili nisipitwe. Naitia Kiswahili hapa: "Baba yetu mdogo alibaki katika bonde lile, na tangu utotoni tumemfikiria akiwa na kiu, kwa hiyo tumefarijika kujua kwamba walau mmoja wao alipewa maji."

Hakuna aliyepewa maji. Hayo maji niliyaandika mimi.

Mama yako yuko chumbani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya baridi, ya chakula, na namna ya kuuliza kama kitu kina nguruwe ameshakuambia, na kesho ndani ya gari atakuambia tena. Mimi nina hili moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza pasipoti umeiweka wapi. Kwenye karatasi angalau nimezoea kukaguliwa.

Babu yako unamjua kwa picha na kwa gazeti. Alikufa ukiwa na miezi minne. Alikuwa mtu wa Ngamiani, Tanga, karani wa mizani kwenye shamba la mkonge kwa miaka mingi, na kabla ya hapo alikuwa askari wa Keya. Waingereza waliwachukua vijana wa kwetu wakawapeleka Bama, Myanmar ya leo, kupigana na Wajapani, naye alikuwa mmoja wao, akiwa na umri kama ulio nao wewe sasa. Hayo alitueleza. Zaidi ya hayo hakutueleza. Siku ya Mashujaa wenzake walipovaa nishani na kwenda uwanjani, yeye alikwenda sokoni.

Miaka ishirini na nane iliyopita mhariri wangu aliniita ofisini. Walikuwa wanakuja wageni kutoka Japani kukabidhi jengo la zahanati.

"Baba yako si alikuwa Keya? Si alipigana na hawa hawa?"

"Ndiyo."

"Niletee mzee aliyepigana nao na leo anawapa mkono. Maneno mia nane. Kitu cha moyo."

"Mzee hasemi."

"Msemeshe. Wewe ni mwandishi au mkwe wake?"

Nilikwenda Ngamiani na kinasa sauti cha ofisi, nikitarajia kurudi mikono mitupu. Nilimkuta babu yako amenyolewa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na bibi yako ametumwa kwa shangazi yako tangu asubuhi. Nilidhani amejiandaa kwa ajili ya picha. Alinionyesha kiti, akaitazama ile mashine, akasema, "Washa."

Kaseti hiyo ninayo. Imesafiri nami mpaka hapa, ndani ya soksi. Wiki iliyopita nimeandika yote yaliyomo, neno kwa neno, na kurasa hizo nimezibana nyuma ya barua hii. Utaona anavyoanza. Anasema: "Kwa Mungu nimeshasema, hilo ni langu na Yeye. Lakini huku duniani hajui mtu. Kazi yako wewe ni kuandika lililotokea. Basi liandike, na jina langu uliweke."

Soma mara mbili hapo. Mimi sikusikia hata mara moja. Nilikuwa nahesabu maneno mia nane.

Halafu anaeleza. Wajapani wanarudi nyuma, Keya wanawafuata, mvua haikatiki. Buti lake la kulia limeoza, amelifunga kwa waya wa simu. Njiani wanawakuta waliokufa wamekaa, migongo kwenye miti. Wanaambiwa wakague vibanda. Anaingia kibanda kimoja peke yake. Kuanzia hapo nakunakilia mwenyewe anavyosema:

"Yumo mmoja amelala. Hana bunduki. Mgonjwa wa tumbo, harufu inakuambia. Akainua mkono, akasema neno, akalirudia. Lugha siijui, lakini neno nililijua. Chupa yangu ilikuwa imejaa. Mimi nikatazama mabuti yake. Yalikuwa mazima. Nikachuchumaa nikafungua kamba. Nilimvua anapumua, ananitazama. Kisha nikakaa pale pale. Maji ninayo, sikumpa. Usiniulize kwa nini. Hakuniudhi kwa lolote. Nilikaa mpaka pumzi ikaisha."

Hapo mkanda unalia tak, unakatika. Ni mimi niliyezima. Nilimwambia betri zinakwisha. Betri zilikuwa mpya, nilizinunua asubuhi ile dukani kwa Mpemba wa pembeni ya ofisi.

Katika kurasa nilizokubania nimepiga mstari mahali hapo. Chini ya mstari kuna sentensi tatu tu, na kwa hizo sina ushahidi ila kumbukumbu yangu, ambayo sasa unajua ina thamani gani. Babu yako alinitazama, akaitazama mashine iliyozimwa, akamalizia hivyo hivyo: "Madogo. Hayakunienea. Nikayatupa kwenye tope."

Nilirudi ofisini nikaandika. Mvua niliiandika kama ilivyokuwa, na waya wa simu, na wafu waliokaa. Nilipofika ndani ya kibanda niliandika kwamba yule askari wa Keya aliinama, akafungua chupa yake, akamtia adui maji kinywani, akamshika mkono mpaka pumzi ikamtoka. Maneno mia nane na kumi na mawili. Mhariri hakugusa hata nukta.

Miaka mingi nilijiambia nilikuwa namkinga baba yangu na fedheha. Ni kweli kidogo. Zaidi ya hapo ni kwamba nilikuwa na umri wa miaka thelathini, nataka uhamisho wa kwenda makao makuu Dar es Salaam, na habari yenye maji ilikuwa nzuri kuliko habari yenye mabuti. Hakuna aliyenilazimisha. Uhamisho niliupata.

Gazeti lilipotoka nilimpelekea mwenyewe. Nilimsomea barazani, mbele ya majirani wawili waliokuja na kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, jicho lake moja kalifumba kama alivyokuwa akifanya akisoma mizani.

"Mzee mwema huyo," akasema. "Anakaa barabara ya ngapi hapa Ngamiani?"

Majirani walicheka. Walidhani ni unyenyekevu. Mimi nilicheka pamoja nao, na kicheko hicho nakikumbuka kuliko gazeti lenyewe.

Wageni walikuja, wakamzawadia saa ya ukutani. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akainamisha kichwa, basi. Tangu siku ile mpaka anakufa, miaka minane, hakuninyima salamu wala chakula. Tulizungumza habari za mvua, na za bei ya mkonge. Hakuniambia tena jambo lolote lililomtokea yeye, hata kwamba amejikwaa. Alipolazwa mara ya mwisho nilikaa kando ya kitanda, nikaanza, "Baba, lile gazeti..." Akainua kiganja.

"La zamani hilo, mwanangu. Watu wameshafungia maandazi."

Ningeweza kuendelea. Nesi aliingia, nami nikamshukuru moyoni.

Siku ya hitima shehe alisimama akasimulia maji. Alisimulia vizuri kuliko mimi, akaongeza kwamba yule adui alitamka jina la Mungu. Watu walilia. Mwaka uliofuata shangazi yako Mwanahamisi aliwakusanya ndugu wakachimba kisima pembeni ya msikiti, sadaka ya kuendelea kwa jina la babu yako, na juu ya bomba wakatundika lile gazeti ndani ya fremu. Unapajua. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja tulikwenda, ukakinga viganja ukanywa, na shangazi yako akakupiga picha. Picha hiyo ndiyo uliyoibandika kwenye barua yako kwa yule mama.

Nilichojifunza kazini kuhusu kosa la aina hii ni kidogo, na nilikijua nikiwa nimeshachelewa. Gazeti letu lilichapisha sahihisho kila wiki. Tulikosea umri wa mtu, tukamwita mwizi aliyekuwa shahidi, tukamfisha aliye hai. Kila mara alikuja mtu mlangoni na hasira zake, tukarekebisha. Kosa la kumsifu mtu halina mlalamikaji. Mwenye haki ya kulalamika alikuwa mmoja, naye alilalamika kwa kuuliza barabara ya ngapi.

Halafu nikaendelea na kazi miaka mingine kumi na tano, nikiwa na sifa ya mtu asiyekosea. Vijana waliletwa mezani kwangu kufundishwa. Niliwafundisha kuuliza nani kasema, alikuwapo, aliona kwa macho yake? Niliwafundisha vizuri. Kuna mmoja nilimfukuza kwa kutunga maneno ya diwani ambaye kweli angeyasema. Alilia ofisini kwangu. Mama yake alikuwa mgonjwa na habari hiyo ilikuwa ya kwanza kuchapishwa kwa jina lake. Nilimsomea kanuni, nikampa kalamu asaini. Gazeti lilipopunguza watu, na mama yako alipopata kazi ya uuguzi huku, nilishuka Sydney nikiwa na barua tatu za kunisifia uaminifu. Sasa napanga masanduku kwenye ghala la Wetherill Park, na barua hizo hakuna aliyewahi kuzisoma.

Sasa ile riwaya ya yule mama. Nataka ujue nilikuwa wapi ulipokuwa unanisomea.

Ilikuwa ile lokdauni ndefu, chuo chako kimehamia kwenye kompyuta ya sebuleni, na mimi natoka kwenda ghalani na kibali mfukoni na pua inayouma kwa kupimwa kila siku ya tatu. Mwenzangu wa zamu alipougua tulifungiwa ndani siku kumi na nne, polisi wakaja na kijana wa jeshi kuhakikisha tupo. Ulimwonea haya ukajificha. Mama yako alimsalimia. Mimi nilimtazama mabuti.

Katika siku hizo kumi na nne ulinitafsiria kitabu kizima mezani, Kiswahili chako kikikwama ukikivusha kwa Kiingereza. Mama aliyekiandika ameandika nyumba yao wenyewe kwa majina ya kubadilisha. Baba amerudi kutoka Bama, mdogo wake hakurudi. Mama wa nyumba anawaambia mabinti kwamba baba yao alikuwa mpishi wa jeshi, hajawahi kufyatua risasi. Mabinti wanakua wakijivunia supu yake. Siku ya maziko ya baba anatokea mzee mmoja aliyekuwa naye kikosini, binti anamshukuru kwa kuwa rafiki wa mpishi, na mzee anauliza kwa upole tu, "Mpishi gani?"

Ulicheka hapo. Kisha ukasema kwa Kiingereza kwamba huo ndio ukurasa bora uliowahi kuusoma. Mimi niliondoka mezani nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

"Baba, vipi?"

"Hakuna. Endelea."

"Sisi tuna bahati," ukasema. "Babu alikuwa mtu mzuri kweli, na imeandikwa."

Mama yako alikuwa mlangoni na sare zake za kazini. Yeye anajua. Nilimwambia mwaka tulipooana. Alingoja uende kuoga.

"Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Gazeti lilikuachisha miaka mingapi iliyopita? Mbona wewe hujaacha kuhariri?"

Nilimwambia asinifokee. Hakuwa amefoka. Wiki mbili baadaye uliandika ile barua kwa yule mama. Nilikuwa kiti cha pili. Ulinitaka nihakikishe jina la kikosi, nikakuhakikishia. Ukaniuliza tahajia ya bonde, Kabaw, nikakutajia herufi moja moja. Ukanisomea aya ya maji kwa sauti, ukauliza, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa.

Kwa hiyo usije ukadhani hili ni kosa la kijana wa miaka thelathini aliyetaka cheo. La pili nimelifanya mwaka jana, nina miaka hamsini na saba, ndani ya nyumba yangu, sitaki chochote. Sijui bado niliogopa nini. Nimejaribu kuandika sentensi ya kueleza na nimezifuta nne.

Tangu hapo nimeisikiliza kaseti mara nyingi, ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala, kabla zamu haijaanza. Redio ya kaseti niliinunua duka la mitumba hapa St Marys. Ulidhani ni kwa ajili ya taarabu. Kila nikifika kwenye ile tak najaribu kumsikia anavyovuta pumzi kabla yake. Anavuta. Alikuwa na la kuendelea nalo. Huenda ni zile sentensi tatu tu. Huenda alikuwa na saa nzima, na hilo hatutalijua, kwa kuwa nilizima. Babu yako alinyolewa siku ile ili aandikwe alivyo, na mtu wa pekee aliyempa kazi hiyo alimwandika mtu mwingine akatia jina lake.

Ulichoandika wewe hakikuwa uongo. Ulinukuu chanzo kilichochapishwa, na uliuliza shahidi aliyekuwapo. Shahidi ndiye mwongo. Nataka hilo liwe wazi, na ukitaka kumwonyesha yule mama barua hii, mwonyeshe.

Kuhusu Jumapili nina maoni, na siyaandiki. Unaweza kwenda ukamwambia. Unaweza kumwomba radhi usiende. Unaweza kwenda ukanywa chai yao ukawaachia wazee wawili faraja yao. Nimelifikiria hilo sana, na siwezi kukuambia ni dhambi. Mimi, kwa mdomo upi? Najua tu kwamba mara moja nilipewa maneno ya mtu nikaamua kwa niaba yake nini kinamfaa. Siwezi kuyaamua na haya. Najua pia kwamba nakutwika jambo hili siku moja kabla ya safari, wakati nilikuwa na miezi minane ya kukupa. Ukikasirika ndani ya ndege una haki, na ukishuka bado umekasirika una haki. Usijilazimishe kunipigia.

Mwalimu aliniuliza kama ziara imethibitika. Nilimjibu kwamba si yangu kuithibitisha. Anangoja simu yako Alhamisi saa kumi alasiri, kwa saa za huku. Namba yake unayo.

Sehemu yangu nimeianza leo. Baada ya kukata simu ya mwalimu nilimpigia shangazi yako Mwanahamisi, nikamwambia nina habari za baba yetu nataka nimweleze vizuri, sio kwa haraka. Alifurahi. Akasema ataiweka simu kwenye spika, atawaita na watoto wa madrasa, wanapenda kusikia habari za Mzee. Nikamwomba awe peke yake.

"Kwani una nini?" akauliza. "Umeshikwa na hii korona?"

"Sijaumwa, dada."

"Mbona sauti hiyo?"

Nikamwambia sauti ni ya kawaida. Tumekubaliana Jumamosi, saa nne asubuhi kwa saa za Tanga.

Baba yako